Savannah kwa gari la kulala, mama mkwe akiwa ndani

Mimi ni dereva wa lori. Navuta tela la futi 53, huu mwaka wa saba. Kwa hiyo mke wangu aliposema tukodi RV, yale magari yenye vitanda, jiko na choo humo humo, tumpeleke mama yake Savannah, mji wa pwani wa hapa Georgia, kabla hajarudi Tanga, nilicheka. Futi 25? Hiyo kwangu bajaji.

Sasa sicheki. Ndugu kadhaa wa hapa Atlanta wameniuliza ilikuwaje na kama safari hiyo inafaa kwa familia, na nimechoka kuisimulia kwenye simu huku mke wangu akinisahihisha kutoka jikoni. Naandika yote hapa, na pesa nazitaja.

Tuanze na gari. Waliotukodisha sitawataja, maana malalamiko yangu kwao ni ya mtu mmoja na wao hawapo hapa kujitetea. Gari limejengwa juu ya chasisi ya lori dogo, na kuna kitanda kinachoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Dola 165 kwa usiku. Ofisi yao hufungwa Jumapili, kwa hiyo hata ukirudi Jumapili jioni unalipa mpaka Jumatatu asubuhi: usiku tatu, wala si mbili ulizopigia hesabu. Bima dola 30 kwa siku. Maili 100 kwa siku ni bure, zikizidi ni senti 45 kila moja. Halafu kuna dola 150 za "maandalizi". Mpaka leo natafuta kilichoandaliwa.

Kijana aliyetukabidhi gari alitumia dakika kumi na mbili. Nina uhakika na hizo dakika kwa sababu binti yangu wa miaka kumi na minne alimrekodi mwanzo mpaka mwisho, si kwa ujanja wowote, ni tabia tu ya kurekodi kila kitu. Akatuonyesha swichi ya jenereta, akafungua na kufunga bomba la gesi, akapiga ubavu wa gari kofi kama anauza ng'ombe, akasema matangi yote yako tupu na masafi. Kumbukeni hilo neno.

Mama mkwe alipanda, akatazama huku na huku, akafungua mlango wa choo. Mlango wenyewe mwembamba kama boksi, na uko hatua moja kutoka kwenye meza ya chakula ambapo mimi mkwe wake ningekuwa nimekaa nakunywa chai. Akaufunga polepole, akajitanda khanga yake vizuri, akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini: "Huko kambini vyoo vipo?" Akajibiwa vipo. "Basi hiki tukifanye stoo."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyekitumia hata mara moja. Tuliweka humo viatu, kapu la vitunguu na mkeka. Yeye akapewa chumba cha nyuma chenye pazia, watoto wawili juu ya dereva, mimi na mke wangu kwenye meza ambayo ukiishusha na kuipanga mito juu yake inakuwa kitanda, kitanda cha watu waliokosana. Kama unakwenda na wakwe, hilo ndilo la kufikiria kabla hujauliza bei. Wanaotengeneza magari haya hawakuwa na mkwe akilini.

Tuliondoka Ijumaa saa nne asubuhi. Mpaka Macon hakuna la kusema. Kutoka hapo unaingia barabara kuu ya I-16, maili 167 za misonobari upande huu na misonobari upande ule, na mama akauliza kama tunazunguka. Karibu na Dublin (ndiyo, Georgia nayo ina Dublin yake) nilikata kona ya kuingia kituo cha mafuta, tukasikia kishindo, halafu kimya, halafu mwanangu mdogo akasema, "Pilau." Jokofu la gari la aina hii lina kitasa kidogo cha safari, unakigeuza ili mlango usifunguke likiyumba. Kwenye ile video ya dakika kumi na mbili hakuna kitasa. Pilau ya mama, sufuria nzima, ilikuwa sakafuni na kachumbari juu yake, imepangika kabisa kama imepakuliwa. Mama alitazama, akasema, "Sadaka imetoka." Tukanunua mkate.

Mafuta: galoni 63 kwa safari nzima ya maili 571. Pigeni hesabu wenyewe, ni maili tisa kwa galoni. Lori langu likiwa limebeba mzigo halijaachwa mbali sana.

Kambi ndiyo sehemu ya safari ninayoisifu bila kusitasita. Tulilala Skidaway Island State Park, hifadhi ya jimbo iliyo kusini mashariki mwa mji, mwendo wa nusu saa hivi mpaka katikati ya Savannah. Nafasi zimeachana, kila moja ina miti yake, na zote ni za kupita moja kwa moja bila kurudi nyuma, jambo ambalo lilimwondolea mke wangu kazi ya utingo. Bafu ni safi, maji ni ya moto kweli. Usiku mbili hazikufika dola 100. Kuna njia ya miguu yenye madaraja ya mbao juu ya bwawa la maji ya chumvi, na maji yakitoka unaona kaa wadogo kwa mamia, kila dume na gando moja kubwa kuliko mwili wake, wanalipunga kama wanaita daladala. Mama alisimama pale karibu saa nzima. Alisema tope lile linanuka kama nyuma ya kwao.

Kasoro ni moja, nayo hifadhi haiwezi kulaumiwa: usubi. Mdogo hata humwoni, anapita kwenye wavu wa dirisha, na anauma kama cheche. Savannah wamemzoea kiasi kwamba timu yao ya besiboli iliwahi kubeba jina lake. Sisi tulikwenda wikendi ya mwisho ya Oktoba, tukidhani baridi imeshawaondoa. Nendeni na dawa ya kupaka, na mikono mirefu jioni.

Usiku wa kwanza, saa tatu, giza. Gari letu lilikuwa la ampea 30. Hiyo maana yake una wati 3,600 tu za kugawana: kiyoyozi kinakula kama 1,500, birika la umeme 1,500 nyingine, na mwanangu akawasha maikrowevu atengeneze bisi. Swichi ikaruka. Si kosa la mtu, ni hesabu, lakini ningeambiwa mapema nisingetambaa chini ya meza na tochi mdomoni kutafuta kisanduku cha swichi mbele ya mkwe. Kuanzia hapo tukawa na sheria: anayetaka chai anatangaza kwanza.

Jumamosi asubuhi nilifanya kosa la safari, na nalisema wazi ili lisirudiwe. Nikiwa kazini natumia ramani ya malori, ile inayojua urefu wa madaraja na mitaa iliyokatazwa. Siku hiyo nikatumia ramani ya simu, kwa kuwa bajaji.

James Oglethorpe alipouanzisha mji mwaka 1733 aliupanga kwa viwanja vya wazi katikati ya mitaa, na waliofuata wakaendeleza hivyo hivyo mpaka vikafika 24. Leo vimebaki 22. Kwa anayetembea kwa miguu sijaona mji mwingine Marekani wenye huruma kama ule: kila baada ya dakika mbili kuna kivuli, benchi, na mtu aliyekaa bila haraka. Kwa gari la futi 25, kila kiwanja ni kona nne kali mfululizo, magari yameegeshwa pande zote, na mialoni imekunja matawi yake juu ya barabara mpaka yanakutana. Kwenye matawi zinaning'inia ndevu za kijivu. Wamarekani huziita Spanish moss, yaani ukoga wa Kihispania, ingawa si za Uhispania wala si ukoga. Ukoo wake ni mmoja na nanasi. Mke wangu alikuwa ananisomea hayo kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliye likizo, tuliposikia mlio juu ya paa. Si kishindo. Ni ule mlio wa mtu anayeparua sufuria kwa kijiko.

Tawi. Limeingia chini ya kifuniko cha kiyoyozi. Mbele siwezi, nyuma kuna magari matatu na farasi mmoja anayevuta watalii. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akamfunga mbwa kwenye uzio, akasimama nyuma ya gari letu katikati ya barabara, akainua mikono kama askari wa usalama barabarani, akanirudisha inchi kwa inchi. Alipomaliza aligonga kioo, akasema maneno mawili tu: "Visitor Center." Akafungua mbwa wake akaenda.

Basi nawaambia nilichoambiwa na mzee. Kama mmekuja na gari kubwa, msiingie mitaa ya viwanja. Nendeni moja kwa moja kwenye kituo cha wageni kilicho Martin Luther King Jr. Boulevard, jengo ambalo zamani lilikuwa stesheni ya reli ya Central of Georgia. Wana uwanja wa kuegesha unaopokea magari ya RV. Kutoka hapo kuna basi dogo linaloitwa dot, halilipiwi, linazunguka mji wa kale, na ukifika mtoni kuna vivuko vya Savannah Belles, navyo bure. Mama alipanda kivuko mara tatu. Kwenda na kurudi tungesema ni mbili, ila ya tatu aliitaka tu. Alisema mtu hawezi kukaa Marekani miezi mitano bila kupanda chombo.

Tulitembelea kanisa la First African Baptist, pale Franklin Square. Sisi ni Waislamu, na mama alikuwa ameniuliza kwenye basi, kwa adabu yake, kanisani tunafuata nini. Usharika wao wanauhesabu kuanzia mwaka 1773, na jengo la sasa lilimalizika 1859. Waliolijenga walikuwa watumwa, wakilifanyia kazi usiku baada ya kutwa nzima ya kumfanyia kazi bwana. Chini, kwenye ukumbi, sakafu ya mbao ina matundu madogo yaliyotobolewa kwa mpangilio wa almasi, nukta na nukta. Wenyewe wanaeleza kwamba mchoro huo ni alama ya Wakongo, duara la kuzaliwa na kufa na kurudi, na kwamba chini ya mbao hizo walijificha watu waliokuwa wanatoroka utumwa. Matundu ni ya kuvutia pumzi.

Mama aliuliza tena, mke wangu akamfasiria tena. Kisha akavua kiatu kimoja, akaweka wayo wake juu ya yale matundu. Hakusema kitu. Mimi niliangalia kando.

Mwaka huo huo wa 1859, tarehe 2 na 3 Machi, pembeni mwa mji huu huu, kwenye uwanja wa mbio za farasi, waliorodheshwa watu 436 wa mashamba ya Pierce Butler wauzwe kwa mnada alipe madeni yake. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Weusi wa Georgia wanaliita tukio hilo Wakati wa Kilio. Fikirieni: mwaka ule mnada unapigwa, na kanisa hili mafundi wake wanalimalizia. Kibao cha kumbukumbu ya mnada kiliwekwa mwaka 2008, magharibi mwa mji, mbali na njia ya watalii. Kwa basi la bure hufiki.

Kwenye River Street, chini kabisa kando ya mto, barabara ni ya mawe yaliyoletwa na meli kama uzito wa kuzituliza baharini. Miguu ya mama haikuyapenda. Lakini pale ndipo lilipo sanamu la familia ya watu wanne wamekumbatiana, minyororo imekatika miguuni pao, liliwekwa 2002. Maneno yaliyochongwa chini yake ni ya Maya Angelou. Mke wangu alianza kumsomea mama kwa Kiswahili, palepale, akifasiri moja kwa moja: tuliibwa, tukauzwa, tukanunuliwa pamoja. Alipofika kwenye habari ya ndani ya merikebu, watu wamelazwa mgongo kwa tumbo katika uchafu wa miili ya wenzao, akapunguza sauti. Watoto walikuwa wanasikiliza. Mwishoni kuna mstari wa matumaini, naye aliusoma kwa nguvu zaidi, nadhani kwa ajili yao.

Baada ya hapo tulihitaji kukaa. Foleni ya Leopold's, duka la aiskrimu lililoanza mwaka 1919, ilikuwa imepinda kona, lakini inakwenda haraka kuliko inavyoonekana. Sisi dakika thelathini na tano. Aiskrimu ya pistachio ni nzuri. Ya njugu nayo. Sitaandika zaidi, aiskrimu ni aiskrimu.

Chakula kina maelezo. Mkahawa tuliokula wa mchana ulikuwa na wali mwekundu wa watu wa Gullah Geechee, uzao wa Waafrika wa pwani hii, unapikwa kwa nyanya mpaka punje inachukua rangi. Bamia ipo. Kunde zipo, zenye jicho jeusi. Mama alikuwa anataja majina ya vyakula mezani kabla mhudumu hajavitaja. Lakini wenzangu msiokula nguruwe, ulizeni kila sahani, moja moja. Wali ule kwa kawaida hutiwa soseji au nyama ya nguruwe, na mboga za majani huchemshwa nayo. Mhudumu wetu alikuwa mkweli: "Kila kilicho kwenye menyu ya pembeni kina nguruwe, ila mahindi na wali mweupe." Tukaagiza kamba wa kukaanga, mahindi, na wali mweupe. Mama akaunusa ule mwekundu wa meza ya jirani kwa majonzi. Biskuti za ufuta tulinunua za kubeba. Huku ufuta wanauita benne, neno lililovuka bahari na watu kutoka Afrika Magharibi. Kuna wanaoita karanga goober, na hilo asili yake ni nguba ya Kikongo. Baada ya kujua hayo, mwanangu alitumia saa nzima kusoma vibao vya maduka akitafuta maneno mengine ya Kiafrika. Aliamini amepata saba. Labda mawili.

Saa za mwisho tukaingia Owens-Thomas House, jumba lililomalizika mwaka 1819, kazi ya msanifu majengo William Jay. Lilikuwa na matangi ya maji na mabomba na vyoo vya kuvuta miaka mingi kabla Ikulu ya Marekani haijapata maji ya bomba. Baada ya usiku mmoja ndani ya RV mimi nilikuwa na heshima ya pekee kwa mfumo huo, nikauliza maswali mpaka binti yangu akanivuta shati. Ila usitoke bila kuingia jengo la nyuma, la watumwa. Dari lake bado lina rangi ya samawati waliyopaka wenyewe, rangi ya kufukuza mapepo. Mama alitazama juu. "Zindiko hilo," akasema. Hakuhitaji kufasiriwa.

Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Tumekaa nje ya gari, tumejipaka dawa ya usubi mpaka tunanuka kama duka la dawa, na mimi naeleza mpango wa Jumapili: tutoke saa mbili asubuhi, tuelekee Fort Pulaski, kisha kisiwa cha Tybee kuona bahari. Mama akaangalia mwezi. "Kesho bamvua, baba. Hiyo barabara iko juu?"

Nikasema ni barabara kuu ya taifa, namba 80, Mama, hii ni Marekani. Jirani yetu wa nafasi ya pili, mzee aliyestaafu na mkewe, alikuwa anachoma soseji. Nikamuuliza ili nimalize ubishi. Akaniambia barabara ya 80 inayokwenda Tybee hufunikwa na maji wakati wa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu, inajulikana, na kwamba kesho maji yatajaa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Akaongeza kwamba maji yenyewe ni ya chumvi, na chumvi chini ya gari la kukodi utailipia.

Sikufasiri. Mama aliniangalia tu, akainuka kwenda kuswali.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumapili, wakati tunasubiri maji yatoke, nikapata nafasi ya kumwaga tangi la choo. Nafasi yetu haikuwa na bomba la maji taka, unakwenda kituo cha kumwagia kilicho ndani ya kambi. Nilikwenda peke yangu, nikijiambia ni shughuli ya dakika mbili, choo chenyewe kilikuwa stoo. Taa ya kwenye kipimo ikasema tangi limejaa theluthi mbili.

Nilibonyeza tena. Theluthi mbili.

Tulikuwa tumebebeshwa mzigo wa watu wengine. Tangu Atlanta, maili zaidi ya 250, tumekula, tumelala na kuswali juu ya uchafu wa familia nisiyoijua, na kijana kwenye video anasema matangi yote yako tupu na masafi. Nikavaa glavu, nikaunga bomba lao, nikavuta valvu, na bomba likawa na tundu. Si kubwa. Tundu la ukubwa wa kidole, lakini lilikuwa limeelekea kwangu.

Nilianza kutukana kwa Kiswahili, Kiingereza na Kidigo. Mke wangu alikuwa amenifuata kwa miguu na sabuni mkononi. Alisimama, akaniacha nimalize, akasema: "Jana nilisoma nini pale mtoni?" Nikanyamaza. Nikafunga valvu, nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko, nikaenda kununua bomba jipya kwa dola 42.

Tulivuka barabara ya 80 saa sita na nusu. Bado ilikuwa imelowa sehemu mbili tatu, na nyasi za bwawani zimelala juu ya mstari wa njano. Fort Pulaski inafaa hata kwa asiyependa vita. Ni ngome ya matofali yanayokadiriwa milioni 25, ilijengwa ikiaminika haivunjiki. Aprili 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mizinga mipya ya jeshi la Kaskazini yenye mifereji ndani ya mtutu iliipiga kwa saa 30, ukuta ukatoboka, Wakusini waliokuwa ndani wakasalimu amri. Ukutani bado unaona mashimo na vyuma vilivyonasa. Siku chache baadaye Jenerali David Hunter wa Kaskazini akatangaza kwamba watumwa waliokuwa pale kisiwani ni watu huru, miezi kabla ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa. Maegesho ni mapana, hakuna tawi. Tybee hatukufika, na bahari mama aliiona kwa mbali kutoka juu ya ngome. Alisema inatosha, maji ni yale yale.

Marejesho, Jumatatu asubuhi. Waliandika kifuniko cha kiyoyozi kimepasuka, dola 280 kutoka kwenye amana. Hiyo ni haki yao, tawi nililigonga mimi, na bima yao haigusi chochote kilicho chini ya dola 1,000. Maili 271 za ziada, dola 121.95. Haki yao pia. Halafu wakaandika dola 50 za kumwaga tangi, kwa sababu kipimo bado kinaonyesha mabaki. Hapo binti yangu akatoa simu, akaweka video, akaongeza sauti. Wateja wengine wawili walikuwa kaunta. Dola 50 zikafutwa. Dola 42 za bomba walikataa, wakasema wao hawakuniagiza ninunue.

Ukiacha kifuniko, jumla ilikaribia dola 1,150 kwa watu watano. Vyumba viwili vya hoteli na gari letu wenyewe visingefika huko. Tulichopata ambacho hoteli isingetupa ni jiko la mama, mkeka wa mama chini ya mialoni, na jirani wa soseji. Waliotukodisha nawapa nyota mbili, moja ni kwa sababu injini haikutusumbua. Kambi tano. Maegesho ya kituo cha wageni nne. Mkienda na RV, iacheni kambini na mfuatwe na gari dogo, au msiikodi kabisa, wekeni hema. Kambi itawapokea vilevile.

Bomba lile niliwaachia? Sikuwaachia. Niliosha, nikalikunja, liko gereji juu ya matairi. Mke wangu ananiuliza kila wiki la nini.